Waya wa Gurudumu la Kushoto

Dada fundi wa magari alikuwa ameketi ndani ya basi. Fundi mwenzake asiyemjua alipanda, akasalimiana na wateja wake watatu waliokuwamo, kisha akaketi kando ya dada huyo.

“Ndiwe uliyezima taa ya ABS, ile ya onyo la breki, kwenye lile gari kuukuu la mkunga? Mimi nilimwambia anunue kompyuta mpya ya breki!”

“Ndimi, kaka. Waya wa kihisi cha gurudumu la kushoto uliupima?”

“Mzima kabisa.”

“Ulipima matairi yakiwa yamenyooka. Kata usukani mpaka mwisho uone: waya unavutika, unakatika ndani kwa ndani. Nimebadilisha huo tu. Jana mkunga kashuka mlima wa matope, breki zimeshika sawasawa.”

“Lo! Nami nilimwahidi mkunga kwamba ukiweza kulitengeneza, nitakutangaza kwa wateja wangu.”

Dada akabana kicheko. “Kaka, si lazima.”

Basi likasimama. Fundi akainuka, akawageukia wale wateja wake watatu, akakohoa. “Jamani, breki zikiwasumbua, nendeni kwa dada huyu. Mimi zilinishinda.”