Siku Makumi Tatu za Asiransi

Basi lilipotoka Bunia, Mwalimu Fiacre alijifanya amesinzia ili asikie vizuri. Mbele yake mjane, Mama Priscille, alikuwa amemkuta Papa Fabien, mshauri aliyemwandikisha marehemu mumewe bima ya maisha, yaani asiransi.

"Bwana yangu alilipa kila mwezi, hakukosa hata moja! Leo munaniambia nilichelewa?" Papa Fabien akajibu polepole: "Mama, unapashwa kujulisha kifo mu siku makumi tatu. Iko mu kontra." Mama akageuka mzima. "Na kwetu mujane hatoke kwa lupango, hata mulango ya kiwanja havuke, mpaka siku makumi ine. Haukujua?" Papa Fabien akakiri kwamba alijua; hata kwenye matanga alifika.

"Ulifika mara tatu! Ulikula sombe yetu, ukalia kupita wakwe zangu. Juu ya nini haukusema?"

"Kuongea mambo ya asiransi mbele ya kilio, mama, ile ni kukosa heshima."

Fiacre, ambaye naye angenyamaza kwenye kilio kile, alifumba macho zaidi.

"Heshima! Ulijua siku zangu, ulijua siku za karatasi yako, na mudomo yako ilikuwa inatafuna tu!"

Basi likasimama Marabo. Papa Fabien akashuka, ingawa alikuwa amelipa mpaka Komanda.