Kiti cha Pili cha Yekoniya

Wasikilizaji wapendwa, mlio kazini na mliokwisha kujinyoosha kitandani, Mungu awe karibu nanyi. Leo tunamkumbuka Yekoniya, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Masaka, Uganda. Yekoniya amefariki hapa Dubai. Moyo ulisimama ghafla.

Alifanya kazi katika karakana moja pale Dubai Investments Park. Wanaunda mifano ya baiskeli za Uingereza za enzi za Malkia Victoria, za kupamba hoteli. Nyingine gurudumu la mbele ni refu karibu sawa na mtu. Yekoniya alipenda moja tu: ya magurudumu matatu, yenye viti viwili ubavu kwa ubavu. Zamani hizo hata mwanamke mwenye gauni refu aliweza kuipanda, akazungumza na mwenzake njia nzima.

Yekoniya akaomba vyuma chakavu kwa arbabu, bosi wake. Akajitengenezea yake. Kiti cha kulia, chake. Kiti cha kushoto, cha mkewe Prossy, aliyebaki Masaka akingoja viza.

Kila Jumapili, baada ya sala, aliizungusha uani peke yake. Lakini akipanda mtu mmoja, inalalia upande. Basi kwenye kiti cha Prossy alifunga dumu la maji.

"Mzee, leo shemeji amenenepa!" Shafiq, aliyeishi naye chumba kimoja, alimtania. "Mshushe bwana, nikae mimi."

"Hapana, ndugu yangu. Hicho kiti kina mwenyewe."

Alijibu hivyo kila mara. Kisha akaendelea kuzunguka, yeye na dumu lake.

Viza ikatoka. Yekoniya akakipaka rangi kile kiti. Wiki hiyohiyo akafariki. Prossy alikuja kwa viza hiyohiyo, kuuchukua mwili wa mumewe.

Kabla ya kuondoka, aliomba kuiona baiskeli. Akafungua kamba, akashusha dumu, akakaa mahali pake. Shafiq alisimama mbali.

"Shemeji, njoo ukae," Prossy alimwambia. "Nilimwambia kwenye simu, mpakie Shafiq. Akasema khalas, basi, Jumapili ijayo. Kila wiki, Jumapili ijayo."

Shafiq akakaa. Wakazunguka uani. Baiskeli ilikwenda sawa.

Dada Prossy, pole sana, wewe na familia yote ya Masaka. Shafiq, pole, ndugu yetu. Mungu amweke Yekoniya mahali ambapo hakuna anayekaa peke yake.

Nasi, wasikilizaji wapendwa, tujiulize katika sala zetu: tunamtunzia nani kiti, na nani amesimama karibu, anakiomba?