Mkono wa Kushoto na Kadi za Arusi

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo ngazi za ghorofa kule Michenzani nimezishuka mwenyewe.

Wengi mnanijua kwa kadi za salamu ninazotengeneza nyumbani. Nagonga muhuri wa wino kwenye karatasi nzito, kisha napuliza maji kidogo. Wino ukikutana na maji unatawanyika, ua linafunguka. Kazi hiyo ilinilisha, na kiburi ikanipa.

Mwaka jana nikapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala. Ndugu zangu, nililia! Kutumia wa kushoto niliona aibu, maana sisi tumelelewa hivyo: mtu humpi kitu kwa kushoto. Nikafungia wino kabatini. Hata ibadani nikaacha kuja, nisije nikanyooshewa mkono nikakosa wa kutoa.

Jirani yangu Bi Zuhura, Mwislamu, akaja kuagiza kadi za arusi ya binti yake.

"Siwezi," nikamwambia. "Nimebakiwa na mkono wa chooni."

"Na huo kauumba Mungu," akasema. "Mie nnataka kadi zangu."

Niliomba kwa hasira, nasema kweli. Nikamwambia Bwana: kama huniponyi, basi nisaidie na huu ulioniachia. Nikaanza. Muhuri ukaenda upande, maji yakazidi, maua ya asumini yakawa matope. Nikaharibu kadi nyingi mno. Pole pole mkono ukajifunza kupima maji.

Siku ya kukabidhi nikafanya ujanja. Nilizipanga kadi kwenye sinia, nikamsogezea Bi Zuhura mezani. Hakuzigusa.

"Sikuagiza sinia mie. Nipe mkononi."

Nikazichukua kwa kushoto, nikampa. Akazipokea kwa mikono miwili, na mkono wangu akaushika humo humo, asiuachie. Haleluya! Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Aibu ya miezi yote ile ilinitoka, nikawa nacheka huku nalia.

Mkono wa kulia bado umelala. Siwezi kusema uongo madhabahuni. Lakini nafanya kazi, na leo nipo mbele yenu. Asante Yesu!

Nawe unayejificha ndani kwa sababu ya kilichokupungukia, mtumaini Mungu kwa kilichobaki. Ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni. Njooni mnisalimie. Mimi natoa wa kushoto.