Mfagiaji Aliyeyatetea Masizi ya Sufuria

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mfagiaji mkuu wa jumba hili la picha atatundika koti lake la buluu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Mkuu wa nani, usiulize. Chini yake hakuwa na mtu. Cheo alijipa mwenyewe na sisi tukaogopa kumpinga. Tunamwita Mama Brashi.

Alianza kwa kupiga deki vyoo vya wageni, akapanda hadi ukumbi mkubwa, kufuta vumbi kwenye fremu kwa brashi laini. Wakurugenzi sita wamempitia. Wawili kati yao aliwarudisha mlangoni wakafute viatu. Mimi bawabu nilipocheka, akanigeukia: "Na wewe babu, meno ndani! Tope lenyewe limeanzia kwako."

Lakini kilichomtia kwenye historia ya nyumba hii ni ile picha ya ukuta wa mwisho. Familia iliyokimbia vita imekaa kando ya barabara: bibi kizee juu ya godoro lililokunjwa, mama ananyonyesha, mtoto wa miaka mitano hivi amechuchumaa kando ya sufuria tupu. Mchoraji hakupamba kitu. Hata nyufa za visigino utazihesabu. Wageni wengi waliipita mbio, kama mtu anayepita karibu na mbwa mkali.

Mwaka juzi akaletwa fundi wa kusafisha picha za zamani, bwana mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini. Akaona weusi kwenye sufuria, akasema ni uchafu wa miaka mingi, atautoa kwa pamba na dawa. Sote tukaafiki. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi, Mungu anisamehe.

Mama Brashi akatua ndoo, akajipenyeza kati ya ngazi na picha. Mkurugenzi akamwambia asogee, la sivyo akachukue barua ya kufukuzwa. Nyumbani alikuwa na wajukuu watatu wanaomtegemea yeye tu. Hakusogea.

"Barua iandikeni," akasema. "Lakini hayo ni masizi. Vita vilipotutoa kwetu nilikuwa na miaka saba, na sufuria niliibeba mimi kichwani. Jasho likanishushia weusi mpaka kidevuni. Hebu tazameni vidole vya huyo mtoto!"

Tukatazama. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na pembeni mwa mdomo palikuwa na alama ndogo, nyeusi vilevile.

"Amekomba ukoko huyo. Asubuhi hiyo walipika. Kidogo, lakini walikula. Ukiyafuta masizi, baba, umewapokonya chakula chao."

Fundi akashusha miwani ya utosini, akachungulia sufuria, kisha vidole. Weusi ule ulikuwa rangi ya mchoraji mwenyewe. Akateremka, akaitia pamba mfukoni. Barua ya kufukuzwa haikuandikwa.

Siku hizi wageni huonyeshwa vidole kwanza, nao hukaa. Wakikaa, huona kwamba yule mama anayenyonyesha haangalii walikotoka. Anaangalia mbele, barabara inakokwenda. Na mimi nimeilinda picha hiyo miaka yote nikidhani ni habari ya kufa tu!

Fundi alikataa kusaini taarifa ya picha hiyo peke yake. Lifungueni faili. Chini ya jina la mtaalamu mwenye vyeti virefu kama treni, kuna mwandiko uliolalia upande mmoja: "Masizi yana mwenyewe. Yasiguswe." Cheo cha mwandishi: Mfagiaji.

Ahsante, Mama Brashi, kwa kutufumbua macho na kutukosesha raha kwa usawa, mkubwa kwa mdogo. Sasa nenda kawasumbue wajukuu. Tunakuombea afya, kicheko, na miaka mingi ya kukaa kitako ukitazama wengine wakifagia.