Dereva Aliyeifunika Injini Blanketi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye jikoni apunguze kelele za sufuria. Leo tunamkumbuka dereva wa teksi ambaye mji mzima ulimwita Bwana Blanketi. Alifariki Jumapili iliyopita. Nasema tena, kwa aliyechelewa kufungua redio: Bwana Blanketi, dereva wa teksi, hatunaye.

Jina hilo alilipata kihalali. Mji wetu uko mlimani, na baridi ya asubuhi mnaijua. Gari lake lilikuwa kuukuu, na lilikunywa mafuta bila haya. Akagundua kwamba linakunywa zaidi asubuhi, kabla injini haijapata joto. Ukifanya safari mbili tatu fupi, mafuta yamekwenda bure. Basi jioni moja, alipoegesha tu, akafungua boneti, akaifunika injini blanketi zito, akalichomekea pembeni kama anayemlaza mtoto. Asubuhi akaikuta bado ina uvuguvugu.

Blanketi lenyewe alilitoa kitandani. Mke wake anasema alitoka kuoga akakuta upande wake umebaki na shuka tupu. Alipouliza, akaambiwa avumilie, maana yeye hanywi petroli.

Kijiweni madereva wenzake walimcheka hadi machozi. Wakamuuliza kama gari lina homa, na kama atalinunulia na soksi. Yeye hakuchoka kueleza. Hata mimi alinileta kazini siku moja, na njia nzima ilikuwa somo.

"Injini baridi ina kiu," aliniambia. "Ikiwa na joto, inakunywa kwa adabu."

Wenzake waliendelea kucheka. Lakini walikuwa wanamwacha kijiweni, wanakwenda kujaza mafuta, wanarudi wanamkuta palepale, tangi lake bado lina mafuta. Wawili wakaanza kumwiga kimyakimya, kwa mablanketi ya wake zao.

Alikuwa na sharti moja. Blanketi huondolewa kabla ya kuwasha gari. Narudia: kabla ya kuwasha. Bomba la moshi linalotoka kwenye injini likishapata moto, kitambaa kinacholigusa kinaungua. Kwa hiyo kila asubuhi aliinua boneti, akalikunja blanketi, akalitia kwenye buti. Hakumruhusu mtu mwingine. Binti yake alipotaka kumsaidia, alimwambia anamharibia mikunjo. Nyumba nzima ililijua sharti hilo, na nyumba nzima ilimwachia mwenyewe.

Jumapili asubuhi alikuwa ananawa uso, akaanguka. Kilikuwa kiharusi. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakagoma kutoka. Mke akapiga kelele. Mdogo wake mke, yaani shemeji wa marehemu, alikuwa amelala sebuleni. Akaruka, akachukua ufunguo. Wakambeba, wakamketisha kiti cha mbele, mke akakaa nyuma yake. Gari likawaka mara moja.

Hakuna aliyefungua boneti.

Njiani Bwana Blanketi akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado mzima. Akaelekeza mbele. Akapiga dashibodi, akaelekeza tena. Shemeji alinieleza haya huku anatazama sakafu.

"Nilidhani anasema niongeze mwendo," alisema. "Nikaongeza."

Moshi ulianza kutoka walipofika kwenye mteremko wa maduka, na moto ukafuata. Wakamshusha haraka, wakamlaza kwenye baraza ya duka la viatu. Watu wakaja na mchanga, wakaja na ndoo. Moto ulizimwa, lakini gari halikuwa gari tena. Sasa wakasimama barabarani kutafuta jingine, na Jumapili asubuhi magari ni ya kuokoteza. Mke alikuwa anapunga khanga katikati ya barabara, na barabara ilikuwa tupu.

Alifika hospitali akiwa hai. Mchana akafariki. Walimuuliza daktari kama muda ule uliopotea ungemwokoa. Daktari alisema hajui, na kwamba hakuna atakayejua. Nawaambia ukweli, wasikilizaji, niliposikia hivyo nilitamani angesema lolote, hata uongo.

Shemeji hajashika usukani tangu siku hiyo. Hakuna anayemlaumu, na hilo ndilo linalommaliza. Niliketi naye msibani kwenye mkeka mmoja hadi watu wakaanza kuondoka.

Kwa mjane, kwa watoto, kwa shemeji, na kwa madereva wote wa kijiweni: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, angalieni humo ndani mlimo. Ipo kazi ambayo anaifanya mtu mmoja tu, na ninyi wengine mnaijua kwa kuisikia. Leo mwombeni awaache muifanye kwa mikono yenu, hata kama mtamharibia mikunjo. Siwezi kuwaahidi kwamba itasaidia.

Nilipokuwa naaga, mjane alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika mkono akawa hauachii.

"Blanketi tulilijua wote," aliniambia. "Asubuhi ile alilikumbuka yeye peke yake. Na kila alipoinua mkono kutuonyesha, mimi niliushusha. Nilikuwa namwambia, tulia baba watoto, tunafika."