Mzunguko wa Kwanza wa Mapafu

Hebu fumba macho kidogo uione kona hii: benchi refu lililolegea mguu mmoja, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, na mkabala wake ukuta wa uwanja wa michezo, mweupe pe, umepakwa rangi asubuhi hii. Brashi, mchora mabango, amesimama na kopo la buluu mkononi. Saa kumi uwanja unafunguliwa kwa jina la Mapafu, dada wa mtaa huu aliyevunja rekodi ya mita mia nane, akafariki mwaka jana. Picha yake imekamilika. Chini yake panatakiwa sentensi moja tu, na Brashi hana.

— Jamani, saa tisa hii! Nisaidieni. Alishindaje?

— Pumzi! — akadakia Kinyozi kutoka benchini. — Mbio nzima alivuta pumzi mara tatu. Nilihesabu.

— Ulihesabu redioni? — Fundi Saa akacheka.

— Pumzi inasikika, bwana!

— Acha uongo wako. Ni mguu. Wa kulia uliuzidi wa kushoto urefu kwa unene wa kidole. Kwenye kona wenzake wanahangaika, yeye anazunguka kama bikari! Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ndiyo maana yeye akakimbilia uwanjani.

Mama Kahawa akagonga birika kwa kijiko.

— Nyie! Yule alikunywa kahawa yangu. Kikombe kimoja, wiki ile ile rekodi. Haraka haraka haina baraka!

— Methali hiyo inakupinga, mama, — akasema Fundi Saa.

— Inanipinga vipi? Yeye haraka yake ilikuwa moja tu!

Benchi likatikisika kwa vicheko. Brashi hakucheka. Wageni wako njiani. Awaandikie bikari ukutani?

Mwanamke wa makamo, mkoba begani, alikuwa amesimama akiitazama ile picha. Akageuka.

— Hamjambo. Naomba kuuliza. Mzunguko wa kwanza, nani alikuwa mbele?

Kinyozi akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo.

— Mzunguko wa kwanza… sisi tulikuwa bado tunatafuta stesheni.

— Redio ilishika kengele ya mzunguko wa mwisho ikigongwa, — Fundi Saa akakiri.

Brashi akashusha kopo.

— Shikamoo, mama. Wewe ulimjua?

— Marahaba. Aliyekuwa mbele nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kumvuta kwa kasi aliyoitaka mpaka kengele, kisha nitoke kwenye mbio. Nikatoka. Aliposhinda aliwaacha wapiga picha, akaja kunitafuta nyuma ya jukwaa. Tukazunguka uwanja wote, kanishika mkono.

— Andika, Brashi! Andika! — Kinyozi kasimama juu ya benchi.

Brashi alikuwa ameshapiga magoti. Akaandika kwa buluu: *Alirudi kumshika mkono aliyemtangulia.*

Nawe ukipita pale, tafadhali kumbuka jambo hili moja: unapompigia makofi aliyeshinda, mtafute kwa macho yule aliyetoka kengele ilipogongwa.