Mzee Mkasi na Ala ya Kisu cha Wifi

Leo, siku ya mwisho ya mwezi, mkaguzi wetu anastaafu baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa kijana mwenye nywele nyingi na maneno machache. Anatoka nywele zimekwisha na maneno ni yale yale machache. Wageni waliokuja kumuaga wajue kwamba hapa tunashona ala za ngozi, za visu vya jikoni, vya bustani na vya buchani, na za mapanga pia. Wajue vilevile kwamba kwa muda wote huo hakuna ala iliyovuka mlango ule bila kupita kwanza chini ya kidole gumba cha mzee huyu.

Alianzia kwenye gundi, kama wote tulivyoanzia. Akapaka mpaka mikono ikawa haitoki harufu hata Jumapili, kisha akahamia kwenye meza ya kukata ngozi. Huko ndiko ilikogundulika kwamba ana jicho. Ngozi yenye kovu la miiba, au iliyolegea tumboni mwa ng'ombe, aliitenga kabla wenzake hawajaikunjua vizuri. Mkaguzi wa zamani alipoondoka, bosi akampa meza ya dirishani, taa, muhuri na mkasi mkubwa. Kwenye cherehani hakuwahi kukaa hata siku moja, na jambo hilo tutalirudia.

Namna yake ya kukagua kila mtu hapa anaijua na wengi wanaiigiza akiwa hayupo. Anaichukua ala, anaukunja mdomo wake kidogo, kisha anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono kutoka mdomoni hadi nchani. Uso mkavu, macho yakiwa dirishani, utadhani anasikiliza redio ya jirani. Ikiwa nzuri, anagonga muhuri. Ikiwa mbaya, anachukua mkasi na kukata kona ya mdomo, ili ala hiyo isiuzwe kwa bahati mbaya wala kwa makusudi, kisha anaitupa kwenye sanduku la mabaki. Huko sisi tunakuita kukatwa sikio. Ndipo lilipotoka jina la Mzee Mkasi, na kama kuna mshonaji humu anayedai hajawahi kukatwa sikio, basi hajawahi kushona.

Wala hakuwa na upendeleo. Wengi mnakumbuka mwaka ule tulipopata oda kubwa ya ala za mapanga. Mzigo ulikuwa umefungwa, gari liko nje linanguruma, bosi anatazama saa. Mzee akafungua sanduku moja, akavuta uzi kwa vidole viwili, ukakatika. Akavuta mwingine, ukakatika. Uzi ulikuwa umekaa stoo kwenye unyevu mpaka ukaoza ukiwa bado unang'aa. Bosi akabembeleza, akapandisha sauti, akabembeleza tena. Mzee akavuta sanduku mpaka katikati ya mlango, akalikalia, akaomba aletewe chai. Alikunywa chai yake pale pale hadi dereva akazima gari. Tulimnunia wiki nzima tulipokuwa tukishona upya, ila leo bosi mwenyewe ndiye anayewasimulia wateja kisa hicho, tena huwa anajiweka yeye juu ya sanduku.

Sasa turudi kwenye cherehani.

Mke wa Mzee ni muuza nyama. Sisi wanawake wa karakana tunamwita wifi, wanaume wanamwita shemeji, na wote tunamwogopa kidogo kwa utani wake. Kisu chake cha kazi alikirithi kwa mama yake. Kimenolewa miaka na miaka hata tumbo lake limeliwa na ncha imepinda, kwa hiyo hakuna ala yetu hata moja inayokikaa. Ikiwa pana kinacheza, ikiwa nyembamba hakiingii. Siku walipochumbiana Mzee alimuahidi kwamba atamshonea ala yake mwenyewe. Miaka ikapita, wakapata watoto, watoto wakapata watoto, na wifi akaendelea kukibeba kisu kiunoni ndani ya boksi la sabuni lililofungwa mpira.

Mwaka jana, saa ya chai, alipita kumletea mumewe miwani aliyoisahau. Akakichomoa kisu na kuliweka boksi lake mezani mbele yetu wote. "Jamani, hebu niangalieni," akasema. "Mume wangu ndiye mkaguzi wa ala, na kisu changu kinalala kwenye boksi la sabuni!" Tulicheka mbavu zikauma. Mzee naye alicheka, lakini macho yake hayakuondoka kwenye kona ya boksi, penye kitundu ambacho ncha ilikuwa imekitoboa. Yeye ndiye aliyemfunga bandeji pajani mara ya kwanza ncha ile ilipotokeza, na mara ya pili pia.

Kesho yake alikuja kwenye cherehani yangu. Mimi ndiye ninayewafundisha wanaoanza, na kwa miaka mingi alikuwa akiniita "wewe dada wa kona". Asubuhi hiyo akaniita mwalimu. Nilimwambia nitamshonea ala hiyo mchana huo huo, aende zake kwa amani. Akakataa. Alisema aliahidi kushona, hakuahidi kushonesha. Bosi akaruhusu afundishwe kila alasiri, kazi yake ya ukaguzi ikiisha, mpaka siku ya kustaafu. Baada ya hapo hakuna cherehani nyumbani kwake inayoweza kupita kwenye ngozi, kwa hiyo ilikuwa sasa au basi tena.

Nikamkalisha kwenye cherehani ya zamani tunayoiita Punda, kwa sababu inakwenda ikitaka. Anayeanza simpi uzi. Nampa kadibodi na sindano tupu, atoboe mistari mpaka mguu wake uzoee kanyagio. Mguu wa Mzee ulishuka kama anaua nge. Punda ikaruka, kadibodi ikaondoka na mstari ukaishia hewani. Nikamwambia akanyage kama mtu anayeingia chumba alicholala mtoto. Hapo akaelewa, maana wajukuu anao.

Kisha tukaingia kwenye ngozi, na ngozi haina msamaha. Kitambaa ukikosea unafumua, ila ngozi ikishatobolewa tundu litabaki hapo hadi kiyama. Ala ina ngozi mbili, na katikati yake tunaweka kipande chembamba tunachokiita ulimi, ili makali ya kisu yasiufikie uzi. Mshonaji anapitia zote tatu kwa pamoja, macho kwenye ukingo na siyo kwenye sindano, mikono ikiongoza bila kuvuta. Nchani, penye kona, anaacha kanyagio na kuzungusha gurudumu kwa mkono, tundu baada ya tundu.

Yote hayo aliyashika haraka. Kilichomshinda ni kidole gumba. Akishona tundu moja, anasimamisha cherehani, anainua mguu wa chuma unaobana ngozi, anapitisha ukucha, anatazama dirishani, anaridhika, anashona jingine. Ananyanyua tena. Alasiri nzima alishona urefu wa kijiti cha kiberiti. Na kwa kuwa kila akinyanyua ngozi inasogea kidogo, mshono wake ulitembea kama mlevi. Mkaguzi alikuwa anamharibia mshonaji kazi, na wote wawili walikuwa wamekaa kwenye kiti kimoja.

Nilimsema sana. Nilimwambia kazi inakaguliwa ikiisha. Akakubali kwa kichwa, na baada ya matundu mawili ukucha ukarudi palepale. Mwisho nikachana kitambaa kwenye aproni yangu kuukuu, nikamfunga kidole gumba chote, nikakaza fundo. Karakana ikasimama kutazama. Mzee Mkasi, mtu tuliyemtetemekea miaka yote hiyo, alikuwa amekaa na kidole chake kimefungwa kama mtoto aliyejikata. Aliniuliza kama ninaona raha. Nilimwambia ndiyo, sana.

Ala zake zilipelekwa mezani kama za mtu mwingine yeyote. Sheria ya hapa, ambayo aliitunga yeye, ni kwamba hakuna anayekagua kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo zilikwenda kwa binti anayechukua nafasi yake kuanzia kesho, ambaye Mzee amemfundisha na humwita mwanangu. Ya kwanza ilikatwa sikio. Ya pili nayo. Kila mara Mzee alisema asante na kwenda kuchukua ngozi nyingine, nasi tukajifanya tunatafuta sindano chini ya meza ili asione tunavyocheka. Miezi ikapita, masikio yakaongezeka, mstari ukaanza kunyooka, na kicheko chetu kikapungua kwa sababu siku nazo zilikuwa zinapungua.

Jumatatu ya wiki hii alimaliza ala iliyotufanya tusimamishe kazi tuje kuitazama. Mshono umenyooka, mwisho wa mshono pale mdomoni umekazwa kwa kurudi nyuma inavyotakiwa, ncha za uzi zimechomwa na kubanwa vizuri. Binti akaipokea. Akapitisha ukucha kutoka mdomoni hadi nchani, na alipofika nchani kidole kikasita. Kikasita kidogo tu. Kisha akachukua muhuri.

"Mwanangu," Mzee akasema, "pitisha tena."

Akapitisha tena, macho yakamjaa machozi. Nchani, kwenye kona, sindano ilikuwa imeruka tundu moja. Kwa nje hulioni. Binti alikuwa ameligusa, akajua, akaamua kulifumbia macho, na sisi wote tungemsaidia kuapa kwamba halipo. Siku zenyewe zilikuwa zimebaki nne. Lakini pale nchani ndipo kisu kinapogonga kila kinaporudishwa, na uzi ukilegea hapo ncha hutoka na kutafuta paja. Mzee hakumgombeza. Aliuchukua mkasi mkubwa, akaugeuza upande wa mpini, akamwekea mkononi. Alisema maneno ambayo nitayakumbuka siku zangu zote: "Mimi usinihurumie. Mhurumie atakayeivaa."

Binti akakata. Mzee akasema asante, akaja moja kwa moja kwenye Punda, akaninyooshea kidole gumba nimfunge.

Jumanne alasiri alishona ala nyingine kutoka mdomoni hadi nchani bila kunyanyua ngozi hata mara moja. Nilisimama nyuma yake. Jasho jembamba lilikuwa likimtiririka shingoni, na kwenye kona alizungusha gurudumu polepole, tundu baada ya tundu. Alipomaliza hakuigusa. Aliiacha juu ya cherehani, akaomba mtu mwingine aipeleke mezani.

Binti aliipokea kwa uso mkavu. Akaukunja mdomo. Akapitisha ukucha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, macho yake yakiwa dirishani kabisa, na sisi tukatazamana, maana tulikuwa tunamwona Mzee Mkasi mwingine akizaliwa. Kisha akagonga muhuri. Aliugonga kwa nguvu hadi kikombe cha chai kikaruka. Mzee alitafuta kiti akakikosa, akakaa kwenye sanduku la mabaki, juu ya masikio yake mwenyewe.

Wifi alikuja jana akitokea buchani. Akakitia kisu ndani ya ala, kikaingia hadi mpinini. Akakipindua juu chini, akakitikisa, hakikutoka. Tulisubiri utani. Yeye akapitisha kidole gumba juu ya mshono, kutoka mdomoni hadi nchani, na kidole kikabaki pale kwenye kona. Akasema, "Umechelewa, baba." Boksi la sabuni alilikunja akalitupa kwenye sanduku la mabaki kwa mkono wake. Ala hiyo amekuja nayo leo kiunoni, mnaweza kuitazama, lakini mwombeni kwanza kabla ya kuishika.

Mzee wetu, muhuri umebaki kwenye mkono salama, na mkasi pia. Kitambaa cha kidole umeomba uende nacho, na ni chako. Tunakushukuru kwa kila ala uliyoipitisha na hasa kwa kila sikio ulilokata, hata yale tuliyokununia. Huko nje kuna watu wengi wanaotembea na visu viunoni, wanainama, wanapanda ngazi, wanawabeba watoto wao. Hawakujui na leo hawakuja, kwa sababu hawakupatwa na jambo lolote. Tunakushukuru kwa niaba yao.

Maisha yako ya mbele yawe mema, Mzee, wewe na wifi. Kidole sasa kipumzike.